Mtoto wa jicho: kabla ya kuuliza bei ya lenzi, pima umbali wa kazi yako

Mwaka jana, wiki mbili kabla ya Ramadhani, nilirudishiwa kanzu. Katika miaka yangu ya ushoni nimerudishiwa nguo kwa sababu ya mikono mirefu, kwa sababu ya kola kubana, na mara moja kwa sababu bwana harusi alighairi. Hii ilikuwa mara ya kwanza kurudishiwa kwa sababu ya rangi ya uzi. Mteja aliitandaza juu ya meza akaniuliza kwa adabu, "Mzee, mbona darizi ya shingoni ni ya krimu na kanzu yenyewe ni nyeupe pe?" Nikaangalia. Nikaipeleka mlangoni penye jua, nikaangalia tena. Kwangu mimi uzi na kitambaa vilikuwa rangi moja. Kijana ninayemfundisha kazi akacheka, kisha akanyamaza ghafla, na kule kunyamaza kwake ndiko kulikonipeleka hospitali.

Mimi ni mtu wa Mombasa, mzaliwa wa Kuze, ila cherehani yangu iko Machakos tangu 1989. Jamaa zangu wa pwani hudhani nimejitupa bara kwa wageni. Si kweli. Misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka Mombasa na pembe za ndovu kabla reli haijawazwa, na watu wetu wakapanda huku kwa njia hizo hizo. Waingereza nao waliifanya Machakos makao yao ya bara mpaka walipohamia Nairobi mwaka 1899. Kanzu hapa ni nguo ya siku nyingi, na mimi ndiyo inayonilisha. Fundi asiyeona tofauti ya nyeupe na krimu anahesabu siku.

Hospitalini nilitiwa matone ya kupanua mboni, nikakaa kwenye benchi kama nusu saa naiona dunia kama iko chini ya maji, kisha nikaweka kidevu kwenye mashine yenye taa. Daktari, binti wa umri wa kitinda mimba wangu, akaniambia: "Mzee, una mtoto wa jicho macho yote mawili. La kulia limeshika zaidi."

Jina hili lenyewe, mtoto wa jicho, huwapotosha wengi. Mtu hufikiri ni kitu kilichoota juu ya jicho, kinachoweza kukwanguliwa au kuoshwa. Kile kinyama kinachotambaa juu ya weupe wa jicho kuelekea kwenye mboni, ambacho wavuvi na waendesha bodaboda hukipata kwa jua, upepo na vumbi, ni ugonjwa mwingine kabisa. Mtoto wa jicho yuko ndani. Nyuma ya mboni kila mmoja wetu ana lenzi yake ya kuzaliwa, upana wake kama milimita 9 au 10, yaani kifungo cha shati. Imeumbwa kwa maji na protini zilizopangika vizuri hata mwanga ukapita bila kizuizi. Umri ukienda protini hizo hugandana, kama ute wa yai unavyogeuka ukiguswa na moto. Kwanza huwa ukungu, kisha umanjano, kisha hudhurungi. Ndiyo maana uzi ulinidanganya. Nilikuwa nikiitazama dunia kupitia chai ya rangi, na kwa kuwa ilikolea polepole kwa miaka, sikujua.

Dalili nyingine nilizipuuza. Taa za matatu usiku zilikuwa zikinitawanyikia. Nilibadilisha balbu ya dukani mara tatu nikiilaumu kampuni ya umeme. Miwani nilibadili mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Ukijiona katika orodha hii, usiende moja kwa moja kwa muuza miwani wa kando ya barabara.

Uzee ndio sababu kubwa, lakini kisukari huuharakisha mtoto wa jicho, na vilevile sigara, jua kali la miaka mingi, kuumia jicho, na dawa za steroidi, zikiwemo matone ya jicho ambayo watu hujinunulia dukani kwa sababu "yalimsaidia jirani". Watoto wachanga nao huweza kuzaliwa nao. Ukiona mboni ya mtoto ni nyeupe, mpeleke upesi. Kwa mtoto kila mwezi una hesabu yake, kwa sababu ubongo unaokosa picha utotoni husahau kuona.

Kabla hata ya kutaja upasuaji, daktari alinipima presha ya macho, akachungulia retina huko nyuma, akanipima sukari. Wakati ule niliona kama ananipotezea muda. Baadaye nikaelewa. Mtoto wa jicho huziba dirisha, lakini dirisha likisafishwa na chumba cha ndani kimeharibika, bado hutaona. Presha ya macho huua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na kilichokufa huko hakirudi kwa upasuaji wowote. Mtu anayekuahidi lenzi mpya kabla ya kuangalia nyuma ya jicho, muage.

Akaniuliza pia dawa ninazotumia. Nikataja ya presha ya damu. Ya tezi dume sikuitaja, kwa haya tu za kizee. Alikuwa amezoea wazee kama mimi, kwa hiyo akauliza waziwazi: "Na ya kukojoa, Mzee?" Kumbe baadhi ya dawa za tezi dume, hasa tamsulosini, hulegeza ile sehemu ya jicho yenye rangi, ikawa inapepea na mboni kujifunga katikati ya upasuaji. Hazizuii upasuaji, na usiache kuzimeza kwa uamuzi wako, lakini mpasuaji lazima ajue ili ajitayarishe. Wazee wenzangu, semeni.

Jioni ile ile dada yangu mkubwa, aliye Mji wa Kale, akapiga simu. Habari njema huchelewa njia ya Kibwezi, ila habari ya ugonjwa hufika Mombasa kabla hujavua viatu. "Ndugu yangu," akasema, "nasikia wataka kutiwa jicho la maiti." Alikuwa na hoja tatu, na nazijua nyumba nyingi za pwani zenye hoja hizo hizo, kwa hiyo nizijibu hapa.

Jicho la maiti halihusiki. Upo upasuaji mwingine, wa kubadilisha kioo cha mbele cha jicho, unaotumia sehemu iliyotolewa kwa mtu aliyefariki, na watu huchanganya haya mawili. Lenzi ya mtoto wa jicho imetengenezwa kiwandani kwa akriliki, ambayo ni aina ya plastiki. Haina kitu cha mtu wala cha mnyama.

Asali, maji ya waridi, mtozo wa majani: hakuna kinachoyeyusha mtoto wa jicho. Si matone ya duka la dawa wala ya mganga. Dawa haiwezi kurudisha yai lililoiva kuwa bichi. Ubaya wa asali jichoni ni kwamba inaweza kuleta maambukizo, na jicho lenye maambukizo halipasuliwi mpaka lipone, kwa hiyo mgonjwa hupoteza miezi miwili kwa kutafuta njia ya mkato.

Hoja ya tatu ilikuwa nzuri zaidi: "Ngoja liive." Haikutoka hewani. Zamani, madaktari walipokuwa wakiitoa lenzi nzima kwa kupasua jicho pakubwa, walisubiri kweli hadi iwe ngumu na mgonjwa awe haoni. Siku hizi ni kinyume. Lenzi ikikomaa sana huwa ngumu kama kokwa, upasuaji ukawa mzito zaidi, na wakati mwingine lenzi hufura ikapandisha presha ya jicho kwa maumivu makali. Lakini pia si dharura ya kesho asubuhi. Daktari wangu alilisema kwa maneno machache: upasuliwe pale mtoto wa jicho anapokuzuia jambo ambalo maisha yako hayawezi kuliacha. Kwa jirani yangu mkulima wa maembe kule Mua, anayeona shina na tawi vizuri, siku hiyo haijafika. Kwangu ilikuwa imefika na kanzu yake mkononi.

Niseme kidogo habari ya hii lenzi, maana ilinituliza nilipoisoma. Kazi ya kuondoa mtoto wa jicho ni ya kale sana. Takriban miaka 1000 iliyopita Ammar bin Ali, tabibu wa Mosul aliyefanya kazi Misri, aliandika jinsi alivyomnyonya mtoto wa jicho kwa sindano yenye tundu. Lakini aliyetolewa lenzi yake, kwa karne zote hizo, alibaki bila lenzi. Mwanga uliingia ila haukukusanyika. Mababu zetu waliopasuliwa walivaa miwani minene kama kitako cha chupa, nami nakumbuka babu mmoja pale Kuze ambaye macho yake nyuma ya miwani hiyo yalikuwa makubwa kama ya bundi.

Aliyebadilisha hayo ni Harold Ridley, daktari wa macho wa Uingereza. Wakati wa vita vya pili vya dunia aliwatibu marubani walioingiwa na vipande vya plastiki ya dirisha la ndege machoni, akaona kwamba jicho halikukasirishwa na plastiki ile. Ikakaa humo miaka bila uchungu. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' mjini London, akamtia mgonjwa lenzi ya plastiki ya jamii hiyo. Wakubwa wenzake walimpinga kwa miaka mingi. Uzeeni yeye mwenyewe akapata mtoto wa jicho, akawekewa lenzi aliyoibuni, katika hospitali ile ile.

Kwa muda mrefu lenzi hizo zilikuwa za matajiri. Miaka ya 1990 mambo yaligeuka: kiwanda cha Aurolab kilianza Madurai, India, mwaka 1992, na shirika lililoachwa na daktari Fred Hollows wa Australia likafungua viwanda Nepal na hapa kwetu Afrika Mashariki, Asmara, Eritrea, mwaka 1994. Bei ikaanguka. Ndiyo maana leo mkulima wa Kathiani anaweza kuwekewa kitu ambacho miaka 40 iliyopita kilikuwa cha mabalozi.

Sasa tufike kwenye upasuaji na lenzi yenyewe.

Njia kuu ni mbili. Ya kwanza hutumia mashine ya mawimbi ya sauti yasiyosikika, iliyobuniwa na daktari wa Marekani Charles Kelman mwaka 1967. Tundu dogo la milimita 2 hadi 3 linatobolewa, lenzi mbovu inasagwa na kunyonywa. Ya pili haina mashine hiyo: mpasuaji anatengeneza njia ya mshazari ya milimita 6 au 7 inayojifunga yenyewe bila nyuzi, akaitoa lenzi kwa mkono. Usidhani ya pili ni ya kimaskini. Kwa lenzi iliyokuwa ngumu sana, mkono wa mpasuaji mzoefu huweza kuwa salama kuliko mashine, na matokeo ya uoni yanakaribiana. Nilimuuliza daktari swali ambalo mimi huulizwa na wateja: "Hii umeshona ngapi?" Hakukasirika. Uliza na wewe.

Katika njia zote mbili ule mfuko mwembamba uliokuwa umeibeba lenzi ya kuzaliwa huachwa ndani, na lenzi mpya huwekwa humo. Hapo ndipo watu huanza kuuliza bei. Mimi pia niliuliza bei kwanza. Daktari akanirudisha nyuma: kabla ya aina kuna namba.

Kila jicho lina urefu wake kutoka mbele hadi nyuma, wastani ni kama milimita 23 au 24, na kioo chake cha mbele kina mviringo wake. Kutokana na vipimo hivyo viwili huhesabiwa nguvu ya lenzi inayokufaa. Wengi huangukia karibu na 21, lakini "karibu" hapa ni neno la hatari. Urefu ukikosewa kwa milimita 1 tu, miwani utakayoihitaji baadaye inaweza kukosea kwa namba mbili na nusu au tatu. Mimi ni fundi, milimita moja begani naiachia. Hii haiachiwi. Namjua bibi mmoja wa mtaani kwetu aliyepasuliwa bure miaka iliyopita, kwenye kambi sitaitaja, bila kuwekwa kwenye mashine yoyote ya kupima. Waliwekewa wote lenzi ya namba moja. Anaona, alhamdulillahi, na kabla yake alikuwa akishikwa mkono. Lakini anaona kama mtu aliyevaa miwani ya mwingine. Kambi za bure zina baraka kubwa, na nyingi hupima. Uliza tu: jicho langu litapimwa?

Baada ya namba, aina. Lenzi ya kawaida ina umbali mmoja wa kuona vizuri. Ukichagua mbali, utaona mlima, mabango ya basi na uso wa mtu barabarani, halafu utavaa miwani ya kusomea kwa karibu. Ukichagua karibu, utasoma bila miwani na kuvaa miwani ya mbali ukitoka. Ndiyo inayowekwa kwa wengi duniani, na ndiyo ya bei nafuu. Ikiwa kioo cha mbele cha jicho kimepinda kama yai badala ya kuwa mviringo kama mpira, ipo lenzi ya toriki, inayonyoosha huo upinde. Ukiwa na upinde mkubwa, hiyo ina maana kuilipia. Ukiwa nao mdogo, fedha yako irudishe mfukoni.

Kisha kuna lenzi za umbali mwingi, zinazougawa mwanga uone mbali na karibu bila miwani. Hizi ndizo zinazotangazwa kwa picha za babu mwenye meno meupe. Zinafanya kazi, sikatai. Lakini mwanga uliogawanywa ni mwanga uliopungua: weusi na kijivu huchanganyika kidogo zaidi, na usiku taa huzungukwa na duara. Jirani yangu, dereva wa lori wa njia ya Mombasa, alitiwa hizo Nairobi kwa gharama kubwa. Mchana anasoma gazeti bila miwani, tunamwonea wivu. Usiku, anasema, kila lori linalomjia kutoka Sultan Hamud limevaa taji. Amepunguza safari za usiku, na kwa dereva wa lori kupunguza usiku ni kupunguza mkate. Hakuulizwa kazi yake, na yeye hakuisema. Mwenye presha ya macho, au retina iliyoathiriwa na kisukari, kwa kawaida hushauriwa aziache kabisa.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kuhesabu. Bei ya lenzi ile ingekula cherehani mbili mpya. Wanangu wakasema tutachanga, Baba, usijinyime. Nikawa karibu kukubali, maana nani hataki kitu bora? Daktari ndiye aliyeniuliza: "Mzee, sindano yako iko umbali gani na jicho?"

Ndugu msomaji, nimeshika futi miaka yote hii na sikuwahi kupima hilo. Nilirudi dukani, nikaketi kwenye cherehani kama kawaida, nikamwambia kijana aweke futi kutoka pembe ya jicho hadi kwenye sindano. Sentimita 50. Hesabu yake ni rahisi: gawanya 100 kwa sentimita zako. 100 kwa 50 ni 2. Jicho lililoachwa na namba 2 ya kutoona mbali huiona sindano ya cherehani bila miwani yoyote. Msomaji wa kitabu anayekishika sentimita 40 angehitaji 2 na nusu. Anayetazama kompyuta kwa sentimita 65, moja na nusu hivi. Futi ya shilingi chache iliniambia zaidi ya kile kitabu cha matangazo chenye kurasa za kung'aa.

Tukapanga hivi: jicho la kulia, bovu zaidi, liwekewe lenzi ya kawaida iliyolenga sindano. La kushoto, ambalo bado linaona mbali vizuri kiasi, lingoje, na zamu yake ikifika lilengwe mbali. Jicho moja la karibu, moja la mbali, ubongo uchague. Daktari alinionya kwamba si kila ubongo hukubali. Wengine hupata kizunguzungu, wengine hukosea vidato vya ngazi. Akanitengenezea miwani ya majaribio, upande wa kulia namba 2, kushoto kioo kitupu, niende nayo wiki moja. Kwa jicho lenye ukungu jaribio hilo halisemi yote, lakini lilisema la kutosha. Siku mbili za kwanza nilimwaga kahawa kando ya kikombe. Siku ya nne niliacha kumwaga.

Kuhusu malipo, tangu Oktoba 2024 SHA ilipochukua nafasi ya NHIF watu wengi bado wana kadi za mazoea. Uliza kabla ya siku ya upasuaji, dirishani, wakwambie kwa maandishi nini kimelipwa na nini ni chako, na kama aina ya lenzi imo ndani ya hesabu hiyo au ni nyongeza. Siku ya upasuaji si siku ya kujifunza hayo, ukiwa umefunga na umevaa shuka la kijani.

Upasuaji wenyewe sina mengi ya kuusimulia. Ganzi ilichoma kidogo. Niliona mwanga na vivuli vya rangi, nikasikia wanazungumza habari za mvua. Lenzi, nilielezwa baadaye, ilipitishwa imekunjwa, ikafunguka yenyewe ndani ya mfuko wake, kama kanzu inavyotoka kwenye bahasha. Dakika ishirini, nikatoka na kiraka.

Baada yake ndipo penye kazi: matone kwa wiki kadhaa, saa zake zile zile, mikono iliyooshwa. Kutosugua jicho, kutobeba debe la maji, kutoinama ovyo. Kwa watu wa sala tano, uliza mapema habari ya udhu na sijda. Mimi niliambiwa maji yasiingie jichoni na nisiiname siku za kwanza, nikasali juu ya kiti, na namna ya udhu nikamuuliza imamu wetu, akaniondolea uzito. Jambo moja tu halina subira: jicho likianza kuuma, kuwa jekundu zaidi, au kuona kukapungua baada ya kuwa kumeongezeka, rudi siku ile ile, hata kama ni usiku. Maambukizo ya ndani ni nadra, lakini huweza kuliua jicho kwa siku chache. Na baada ya miezi au miaka ukungu ukirudi, usiseme mtoto wa jicho ameota tena. Harudi. Ni ule mfuko ulioachwa ambao umefifia, na hutobolewa kwa mwanga wa leza dakika chache, bila kisu.

Kiraka kilipotolewa, kitu cha kwanza nilichokiona ni koti la daktari. Lilikuwa jeupe kwa namna niliyokuwa nimeisahau, lenye ubuluu ndani yake kama nguo iliyotiwa nili. Nikafumba la kulia nikalitazama kwa la kushoto: koti likawa la krimu. Nikafanya hivyo mara tatu hadi akaniuliza kama naumwa. Nyumbani niliitoa ile kanzu iliyorudishwa. Haya ilinishika. Darizi ilikuwa ya krimu waziwazi, kama siagi kwenye theluji ya Kilimanjaro, na yule mteja alikuwa amesema kwa upole kupita kiasi. Nimeifumua, nimemdarizia upya bila malipo.

Si kila kitu ni asali. Kushuka ngazi za jengo la soko bado ninashika ukuta. Nikipita barabara nageuza kichwa kizima, kwa kuwa jicho langu zuri ni la karibu na la mbali bado lina ukungu wake. La kushoto nimepangiwa mwezi ujao, na daktari amenipa ruhusa ya kubadili nia mpaka asubuhi ya siku hiyo. Sijaamua kama kulenga mbali kabisa au katikati, ili tofauti ya macho mawili isiwe kubwa. Nitazame ngazi kwanza.

Dada yangu alipiga tena juzi. Safari hii hakutaja maiti wala asali. Alitaka kujua nauli ya basi hadi makutano ya Kyumvi, na kama nina chumba. Nikamuuliza ana nini. Akasema ana kitu kama moshi, kwenye jicho la kushoto, "tangu muda". Nikamwambia chumba kipo na karibu wakati wowote, lakini kwa jicho hana haja ya kupanda huku: avuke feri ya Likoni tu, Kwale kuna kituo cha macho kinachowahudumia watu wa pwani tangu miaka ya 1990, na Mombasa yenyewe haina upungufu wa madaktari. Amesema atakwenda Jumatatu. Kisha akauliza hiyo futi aipime kutoka jichoni hadi kwenye msahafu, au hadi kwenye televisheni? Nikamwambia apime vyote viwili, na hadi kwenye jiko pia, aandike kwenye karatasi, aende nayo.